Stebilaiza ya mtumba yapunguza pikapu kulala

Pikapu kuukuu iliyosheheni magunia ya mihogo kutoka Dutumi kwenda Mlandizi hulala upande kila inapokata kona. Mzigo ukihama, hupinduka. Wenye gari lisilo na stebilaiza ya mbele hutafuta ya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, iliyofunguliwa kwenye gari la aina ileile.

Chuma hicho huunganisha pande mbili za mbele: mmoja ukididimia, hujisokota na kuuzuia. Chenye ufa au alama ya kuchomelewa kiachwe, hata kikiuzwa bei ya kutupa, kwani moto huua uspringi wake. Bushi zinunuliwe mpya. Fundi akimaliza, azungushe usukani hadi mwisho kushoto na kulia, aone hakigusi mipira ya breki. Uwezo wa kubeba hauongezeki hata kilo moja.