Kiinua Mgongo cha Diwani: Kipangwe Mwanzoni mwa Muda, Si Mwishoni



Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo watu wengi hulizungumza pembeni, mara nyingi kwa hasira, na mara chache kwa hesabu. Nalo ni malipo anayopewa diwani anapomaliza muda wake. Wengine husema diwani hastahili chochote kwa kuwa aliomba kura mwenyewe. Wengine husema mtu aliyewatumikia watu miaka mitano haifai arudi nyumbani mikono mitupu. Sisi tunaona pande zote mbili zina hoja. Linalokosekana ni utaratibu unaofahamika na kila mtu tangu siku ya kwanza.

Tumechagua kulitazama suala hili tukiwa Kiuyu, katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Kiuyu ni rasi iliyo kaskazini mashariki ya kisiwa. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya mawe, na wakazi wake hutegemea uvuvi, mwani, mifugo, kilimo kidogo na kuponda kokoto. Mahali kama hapa, muda wa mtu ndio mtaji wake. Siku anayokaa kikaoni ni siku ambayo hakwenda baharini wala hakufunga mwani. Ndiyo maana suala la malipo ya diwani huonekana wazi zaidi Kiuyu kuliko mjini.

Diwani ni nani mbele ya sheria

Serikali za mitaa Zanzibar zinaendeshwa chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2014, iliyochukua nafasi ya sheria mbili za mwaka 1995, Namba 3 na Namba 4. Diwani huchaguliwa na wananchi wa wadi yake katika uchaguzi unaosimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na huingia katika baraza la halmashauri, manispaa au mji. Pamoja na madiwani wa wadi, wapo pia wanaoingia kwa viti vya wanawake na kwa uteuzi.

Tusimchanganye diwani na sheha. Sheha hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kazi yake iko chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya mwaka 2014. Mara nyingi wananchi wa shehia humwona sheha kila siku na diwani mara chache, wakadhani wote wawili wako katika fungu moja la malipo. Sivyo. Kila mmoja ana sheria yake.

Tusimchanganye diwani na mfanyakazi pia. Mfanyakazi ana mwajiri, ana mkataba na ana mshahara. Anapoachishwa kazi, sheria ya ajira humlinda. Kwa mfano, Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi anayestahili malipo ya kuachishwa kazi alipwe angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyefanya kazi miaka mitano hupata mshahara wa siku 35. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya mwaka 2005.

Diwani hayumo katika utaratibu huo. Hakuajiriwa na mkurugenzi wa halmashauri. Kinyume chake, baraza lake ndilo linalomsimamia mkurugenzi. Muda wake unapokwisha, hakuna aliyemfukuza. Kwa hiyo hawezi kudai malipo ya kuachishwa kazi kama karani au dereva. Chochote atakachopata lazima kiwe kimeandikwa mahali pengine: katika sheria ya serikali za mitaa, katika kanuni zake, au katika maelekezo rasmi yenye bajeti.

Maana ya kiinua mgongo

Lugha yetu imelipa jambo hili jina zuri. Aliyeinama muda mrefu akifanya kazi huhitaji msaada ili anyooke. Kiinua mgongo si mshahara wa pili, na si zawadi ya kushinda uchaguzi. Ni fedha ya mara moja ya kumwezesha mtu kurudi katika shughuli zake: kununua nyavu, kutengeneza ngarawa, kufufua shamba lililoachwa.

Kiinua mgongo si pensheni pia. Pensheni hulipwa kila mwezi, na kwa kawaida hutokana na michango iliyowekwa kwa miaka mingi. Zanzibar, michango ya wafanyakazi hukusanywa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Aidha, tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hulipa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee wa Kiuyu huipata kwa sababu ya umri wake, awe aliwahi kuwa diwani au mvuvi tu.

Wengine wamefanya nini

Tanzania Bara, Sheria ya Mafao ya Viongozi wa Kisiasa ya mwaka 1999 iliweka mafao ya viongozi kama Rais, mawaziri na wabunge. Diwani hakuwekwa katika daraja hilo; yeye alikuwa na posho ya mwezi na posho za vikao. Kwa miaka mingi posho hiyo ilitegemea makusanyo ya halmashauri yake, na penye makusanyo madogo ilichelewa. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliamua kwamba Serikali Kuu ilipe posho ya mwezi ya madiwani katika halmashauri 168 zenye uwezo mdogo wa mapato, na halmashauri 16 zenye uwezo ziendelee kujilipia. Hapa pana funzo: haki iliyoandikwa bila chanzo cha fedha hubaki karatasini.

Kenya inatupa funzo chungu zaidi. Baada ya Katiba ya mwaka 2010, mabaraza ya zamani ya miji na wilaya yalifikia mwisho katika uchaguzi wa Machi 2013, na kaunti 47 zikachukua nafasi. Madiwani wa zamani, baadhi yao waliotumikia vipindi vingi, walijikuta nje bila pensheni. Waliunda vyama, wakaandamana, wakapeleka kilio chao hadi Seneti. Miaka ikapita, wengine wakafariki wakiwa bado wanasubiri. Wajumbe wa mabaraza ya kaunti waliokuja baada yao wana tume inayopanga malipo, na imewawekea kiinua mgongo cha asilimia 31 ya mshahara wa msingi wa kila mwaka wa utumishi. Tofauti ya makundi haya mawili haiko katika ugumu wa kazi. Kundi moja lilipangiwa mapema; jingine lilianza kuomba baada ya mlango kufungwa.

Hata katika nchi tajiri hakuna jibu moja. Uskoti, mwaka 2007, ililipa malipo ya mara moja kwa madiwani wa siku nyingi waliokubali kutogombea tena. Uingereza yenyewe, kuanzia mwaka 2014, iliwafungia madiwani mlango wa mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, kwa hoja kwamba udiwani ni kazi ya kujitolea.

Hesabu iliyo wazi

Tutoe mfano wa kufundishia tu. Tarakimu hizi si za halmashauri yoyote. Tuseme posho ya mwezi ya diwani ni shilingi 200,000. Kwa miezi 60 atakuwa amepokea shilingi 12,000,000. Kanuni ikisema kiinua mgongo ni robo ya jumla hiyo, atapata shilingi 3,000,000. Baraza likiwa na madiwani 10, deni la siku ya mwisho ni shilingi 30,000,000.

Kwa halmashauri ndogo, kuzipata fedha hizo kwa mara moja ni mzigo mzito. Zitatoka wapi? Mara nyingi zitatoka kwenye kisima ambacho hakikuchimbwa, au kwenye paa la skuli ambalo halikuezekwa. Lakini halmashauri ikitenga shilingi 500,000 kila mwezi katika hesabu ya peke yake, baada ya miezi 60 zote zipo. Jumla ni ileile, ila wananchi hawashtukizwi na diwani hakopeshwi ahadi.

Kanuni lazima iseme pia muda unaanza na kwisha lini. Pemba inalielewa hili vizuri. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Waliokuwa wamekwisha kutangazwa washindi wa wadi mwezi Oktoba hawakuwa na muda wowote wa kuhesabiwa. Vivyo hivyo kwa diwani anayefariki, anayejiuzulu, au anayeondolewa kwa kosa katikati ya kipindi. Haya yasipoandikwa, huamuliwa kwa kujuana.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tunafanya kazi na wanajamii katika maji, afya na elimu, na diwani yumo katika kila mojawapo. Mwaka 2017 Zanzibar ilianza kupeleka kwa serikali za mitaa majukumu ya elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na kilimo, na mzigo wa diwani ukaongezeka. Ikiwa mwisho wa kazi hii ni umaskini, watakaogombea ni wenye mali peke yao, au wale wanaokusudia kujilipa wenyewe wakiwa madarakani. Mama anayelima mwani, mwenye akili na anayeaminiwa na majirani, atasema: sina uwezo wa kupoteza miaka mitano. Hapo jamii ndiyo inayopata hasara.

Kwa upande mwingine, malipo makubwa yanayopitishwa na madiwani wenyewe siku za mwisho, wakati wananchi hawana habari, huvunja imani. Mtu asiamue peke yake ujira wake.

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 umekwisha na kipindi kipya kimeanza. Huu ndio wakati mzuri wa kuuliza, kwa kuwa hakuna anayeondoka leo. Tunazishauri kamati ziulize katika halmashauri zao maswali haya:

1. Je, malipo ya mwisho wa muda yameandikwa katika sheria, kanuni au waraka gani?
2. Yanakokotolewa kwa posho ipi na kwa kiwango gani?
3. Nani analipa, na fedha zinatengwa kila mwaka katika fungu gani?
4. Je, madiwani wa viti vya wanawake na wa kuteuliwa wanapata sawa na wa wadi?
5. Inakuwaje kwa anayefariki au kuondolewa kabla ya wakati?
6. Je, taarifa hii imesomwa katika mkutano wa wananchi?

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: fedha za mradi zisitumike kulipa kiinua mgongo cha kiongozi wa kuchaguliwa, hata kwa jina la posho ya kuagana. Hilo ni deni la umma, na lilipwe na bajeti ya umma iliyokaguliwa. Mnachoweza kusaidia ni elimu: kuwawezesha wananchi wasome bajeti ya halmashauri yao na kuielewa.

Diwani wa Kiuyu anayeondoka madarakani atabaki kuwa jirani. Atasimama pwani pamoja na waliomchagua na kukaa nao katika arusi na misiba. Tunamtakia aondoke akiwa na haki yake mkononi, na majirani zake wakijua ni kiasi gani na kwa nini.

Kamati zitakazopata majibu ya maswali hayo zitutumie, ili tuyatoe katika matoleo yajayo kwa faida ya wengine.