Ukaidi wa Mpira

Kuna neno moja la Kiswahili lililowaponza madereva wengi: mafuta ya breki. Kichupa kimepungua safarini, duka la spea liko mbali, na kwenye buti kuna galoni ya oili ya injini. Mafuta si mafuta? Dereva anamimina, breki zinashika, safari inaendelea. Siku hazipiti nyingi, gari linaanza kuwa zito kama linalovutwa kwa nyuma. Magurudumu yanachemka, na hata mguu ukitoka kwenye pedali, breki hazitaki kuachia. Fundi akifungua masta silinda anakuta raba za ndani zimefura na kulegea, zimeziba hata kile kitundu kidogo ambacho kingerudisha kimiminika kwenye kichupa. Hapo hakuna kupangusa na kurudishia. Raba zote za mfumo mzima zitolewe, mabomba yaoshwe, zifungwe mpya.

Kumbe mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si mafuta hata kidogo. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, na undugu wake uko kwa maji na spiriti, hauko kwa dizeli. Raba za breki kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira uitwao EPDM, ambao unaweza kulala ndani ya glaikoli miaka na miaka bila kulalamika, lakini ukionja oili ya injini huinywa kama sifongo. Raba ilikuwa nzima na oili ilikuwa safi. Kosa ni kuwakutanisha.

Viwandani, migodini, kwenye visima vya gesi na ndani ya roketi, kisa hiki hiki hujirudia kwa gharama kubwa zaidi. Kuchagua mpira wa kuziba ni kujua mapema utakutana na nani.

Pete isiyokubali kuminywa

Wengi wetu tunadhani sili, yaani mpira huo wa kuziba, huziba kama udongo unavyoziba ufa wa ukuta, kwa kujaza nafasi. Ingekuwa hivyo, tungetumia nta. Chukua oringi, ile pete ya mpira ya mviringo ambayo Niels Christensen, fundi mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani, alipata hataza yake mwaka 1939. Pete hiyo huwekwa kwenye mfereji ambao kina chake ni kidogo kuliko unene wa pete yenyewe. Chuma cha juu kikishafungwa, pete inabanwa, mara nyingi kwa asilimia 15 hadi 30 ya unene wake. Tangu hapo inasukuma, chuma hiki juu na kile chini, ikitaka kurudia umbo lake. Msukumo huo ndio unaozuia kimiminika kupita. Presha ikija, inaisukumia pete pembeni mwa mfereji na kuikaza zaidi.

Wahenga walisema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Hawakuwa wameiona oringi. Hapa ukaidi ndio kazi yenyewe, na pete ikishakubali kubanwa haina faida tena, hata kama haina mkwaruzo wala ufa.

Ukaidi huo unatoka wapi? Mpira ni molekuli ndefu mno zilizovurugana kama tambi kwenye sinia. Ukiuvuta, tambi zinanyooka. Ukiuachia, zinajikunja tena. Lakini mpira mbichi ukibanwa muda mrefu, tambi huteleza na kusahau zilikokuwa. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa haunati tena wakati wa joto wala haukakamai wakati wa baridi. Salfa hufunga vifundo kati ya tambi na tambi, na vifundo ndivyo vinavyoukumbusha mpira umbo lake. Karibu kila kinachoharibu sili huharibu kimojawapo kati ya hivi viwili: uhuru wa tambi kucheza, au uimara wa vifundo.

Baridi: pete iliyochelewa

Asubuhi ya Januari 28, 1986, huko Florida, joto lilikuwa kama nyuzi 2 za Selsiasi wakati chombo cha anga Challenger kiliporushwa. Ubavuni kilikuwa na roketi mbili zilizoundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira zenye unene wa milimita 7 hivi, zikizunguka roketi yenye kipenyo cha mita 3.7. Mpira wenyewe ulikuwa wa kundi la FKM, wenye florini ndani yake, unaojulikana zaidi kwa jina la biashara Viton. Ni mpira unaosifika kwa kustahimili joto la nyuzi 200.

Roketi ikiwashwa, presha ya ndani hutanua kiungo kidogo sana, ndani ya muda usiofika sekunde moja. Pete inatakiwa iifuate nafasi hiyo papo hapo. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi, Morton Thiokol, akiwamo Roger Boisjoly, waliomba safari iahirishwe. Walikuwa na sababu: katika safari ya Januari 1985, ambayo pete zake zilikuwa na joto la nyuzi 12 hivi, masizi yalikutwa yamepenya pete ya kwanza. Wakubwa wakaamua chombo kiruke. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, na watu wote saba waliokuwamo walipotea.

Wiki mbili baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi na kamera za televisheni, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu. Alipofungua kibanio, mpira ulibaki umebonyea kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kurudi. Ripoti ya tume ilieleza kwamba pete yenye joto la nyuzi 24 hurudia umbo lake mara tano haraka zaidi kuliko ile iliyo kwenye nyuzi moja chini ya sifuri.

Pete ile haikuanza kwa kukatika. Ilichelewa tu, na gesi ya moto haikuisubiri. Kwa hiyo anayeuza sili akikutajia joto la juu kabisa inalolistahimili, amekupa nusu ya habari. Muulize na la chini. FKM nyingi za kawaida huanza kukakamaa karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na huwa nzito kurudi hata kabla ya hapo. Silikoni, ambayo huchanika kirahisi kama utambi uliochakaa, hubaki laini hadi nyuzi 50 au 60 chini ya sifuri.

Joto: mkaidi anapotii

Joto huua kwa namna nyingine. Baridi ikiisha, mpira huamka. Joto halirudishi kilichoharibika. Vifundo vya zamani hukatika, vipya hufungika mpira ukiwa bado umebanwa, na polepole umbo la kubanwa linakuwa ndilo umbo lake. Ukifungua pampu ya zamani ukakuta oringi imekuwa bapa upande wa juu na wa chini, ngumu kama kwato, umeona pete iliyotii.

Maabara huupima utiifu huo kwa njia rahisi. Kipande cha mpira hubanwa kwa robo ya unene wake, kikawekwa kwenye tanuri kwa saa kadhaa, kikaachiliwa, na baada ya nusu saa hupimwa kimerudi kiasi gani. Kikirudi chote kinapata sifuri. Kisiporudi kabisa kinapata 100. Mnunuzi mjanja huuliza nambari hii kabla ya kuuliza rangi au bei, na huuliza ilipimwa kwenye joto gani. Kuna na kanuni ya mafundi, ya makadirio tu: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa mpira unapungua nusu. Sili iliyodumu miaka minne kwenye nyuzi 80 isitarajiwe kudumu hivyo kwenye 100.

Vimiminika: kila mpira na adui wake

Kemia ina msemo wake kuhusu ndege wafananao: vinavyofanana huyeyushana. EPDM na oili ya injini ni jamaa moja, zote ni kaboni na haidrojeni, ndiyo maana oili hupenya kati ya tambi na kuzitenganisha. Mpira unafura, unalegea, unachanika. Maji na mvuke si jamaa zake, kwa hiyo kwenye mabomba ya maji moto EPDM iko nyumbani.

Kwa oili, dizeli na grisi, farasi wa kazi ni nitrili, mpira uliozaliwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Siri yake ni kiambato kiitwacho akrilonitrili, kinachochukua kati ya asilimia 18 na 50 hivi ya mpira huo. Kikizidi, oili inakataliwa vizuri zaidi, lakini mpira unakuwa mzito kwenye baridi. Kikipungua, mpira unacheza kwenye baridi lakini oili inaanza kuingia. Mwanakemia anayeunda nitrili kila mara ananunua sifa moja kwa kuuza nyingine.

Nayo mazingira hubadilika wakati sili iko palepale. Mwaka 1993 Marekani ilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Kiwandani, hatua za kuondoa salfa zilipunguza pia sehemu ya mafuta ambayo kwa miaka ilikuwa imezifanya sili za nitrili zifure kidogo. Pampu za dizeli za zamani zilizokuwa hazivuji zikaanza kuvuja, kwa sababu sili zilizozeeka zikiwa zimefura zilisinyaa, na ukaidi wa kujaza pengo ulikuwa umeshakwisha. Hakuna aliyegusa sili. Kilichobadilishwa ni jirani yake.

Gesi na hewa

Adui wa visima vya gesi anafanana na soda. Gesi yenye presha kubwa hujipenyeza ndani ya mpira na kutulia humo. Presha ikiondolewa ghafla, gesi hutaka kutoka yote kwa pamoja, ikiunda mapovu katikati ya pete na kuipasua kutoka ndani. Kwa nje unaweza kuona lengelenge moja tu. Ukiikata, ndani imejaa nyufa. Dawa yake ni mpira mgumu uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, pete nyembamba inayotoa gesi haraka, na fundi asiyefungua valvu kwa pupa.

Hewa tunayovuta nayo ina ozoni kidogo, na ozoni hushambulia mpira asilia na nitrili hasa vinapokuwa vimevutwa. Hapa muuza spea ana lake la kujibu. Pete zinazoning'inizwa kwenye msumari mlangoni, zikipigwa na jua mchana kutwa, zinavutwa na uzito wake zenyewe, na nyufa huanza kabla mteja hajafika. Zilazwe bapa, ndani ya mfuko, mbali na mwanga.

Mpira usipofaa kabisa

Hodari wa kazi hujua pia wakati wa kuukataa mpira. Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya imezalisha umeme wa jotoardhi tangu mwaka 1981, kuna visima ambavyo chini yake joto hupita nyuzi 300. Mvuke wa namna hiyo hupika mpira wa kawaida ukaisha. Kwenye vichwa vya visima vya joto kali, viungo huzibwa kwa pete za chuma, na mashina ya valvu kwa grafiti. Kuna mpira wenye florini tupu, uitwao FFKM, unaoweza kufika nyuzi 300 na kitu, lakini bei yake ni mara mamia ya bei ya nitrili, na si kila kemikali wala kila baridi inayoufaa. Kununua ghali kuliko vyote hakumwondolei mtu kazi ya kufikiri.

Maswali yenyewe hayazidi vidole vya mkono mmoja. Kimiminika gani kitaugusa, pamoja na kile cha kuoshea? Joto la juu ni lipi, na la chini ni lipi? Presha kiasi gani, na huondoka polepole au ghafla? Kinachozibwa kimetulia au kinazunguka? Na sili inatakiwa idumu hadi lini?

Ukiwa na majibu, bado umesimama mbele ya boksi la pete zinazofanana. Nitrili nyeusi, EPDM nyeusi, FKM nayo mara nyingi nyeusi. Weusi huo ni wa masizi ya kaboni yanayochanganywa humo kuutia mpira nguvu, na hausemi lolote kuhusu jamii yake. FKM utaitambua mkononi kwa uzito, maana ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko nitrili. Usijaribu kuichoma ili uitambue: ikiungua hutoa moshi wa asidi kali ya florini, inayokula nyama hadi mfupa. Kwa sababu hiyo, sili zilizoungua kwenye injini iliyoshika moto zisiguswe kwa mkono mtupu.

Njia salama haihitaji maabara. Chukua pete mbili za boksi moja na mitungi miwili ya kioo yenye vifuniko. Mtungi mmoja tia oili ya injini, mwingine mafuta ya breki. Pima unene wa kila pete, itumbukize, funika, weka kivulini. Baada ya wiki zitoe, zipanguse, pima tena, kisha zibane kwa vidole uone zinavyorudi. Kama zile ni za EPDM, iliyokaa kwenye oili itakuwa imenenepa na kulegea, na mwenzake, katika kile tunachokiita mafuta, atakusukuma vidole kama siku aliyotoka kiwandani.