Jigso na Mbao Nene: Ipimwe Kabla ya Kuaminiwa

Msimu wa karafuu ukiisha, na fedha zikiisha kuwalipa wachumaji, kumaliza madeni ya dukani na kutoa ada za watoto, wapo wanachama wanaobakiwa na kidogo cha kununulia chombo cha kazi. Tangu Pemba ilipopata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka bara mwaka 2010, vyombo vya umeme vimekuwa vingi hata katika mabanda ya shamba. Kimojawapo ni ule msumeno mdogo wa kushika mkononi ambao mafundi wetu huuita jigso. Ni chombo chepesi, bei yake si kubwa kama ya mashine za meza, na mtu asiye fundi aweza kukitumia baada ya siku moja ya kujifunza.

Swali ambalo wanachama hutuuliza ni hili: mfenesi umeanguka shambani, umepasuliwa mbao za inchi 2 na inchi 3, na zimekaa kivulini mpaka zimekauka. Je, mbao hizi nene zaweza kukatwa kwa jigso? Katika boksi imeandikwa kuwa chombo hukata mti wa unene wa milimita 65, au 80, au zaidi. Je, maandishi haya yaaminiwe?

Twajibu hivi. Tarakimu ya boksini husema bledi inaweza kufika wapi. Haisemi kuwa mkato wa chini ya ubao utakuwa pale pale ulipo mkato wa juu. Na fundi hutaka hayo yote mawili. Mguu wa kitanda uliokatwa sawa juu na kwenda upande chini haufai kitu, na ubao wa mfenesi uliongojewa miaka 30 haupatikani tena sokoni kesho. Kwa hivyo yafaa kila mwenye jigso aipime mwenyewe, kwa kipande kisicho na thamani, kabla hajaiweka juu ya ubao wake mzuri.

ASILI YAKE NI CHEREHANI

Ukitaka kuielewa jigso, ikumbuke cherehani. Mwaka 1946 mhandisi mmoja wa Uswisi, Albert Kaufmann, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Scintilla mjini Solothurn, alitoa sindano katika cherehani akatia bledi ndogo ya msumeno mahali pake. Ikapanda na kushuka, ikakata mbao. Hapo ndipo ilipozaliwa jigso ya mkononi.

Basi tabia ya sindano ingalimo ndani yake. Sindano imeshikwa juu tu. Chini hakuna kinachoishika. Ikishona shashi au kaniki huenda sawa. Ikitiwa katika turubai lililokunjwa mara nne, hupinda, hutoka pasipotakiwa, na mwisho huvunjika. Bledi ya jigso ni hivyo hivyo. Katika ubao wa inchi moja haina taabu. Katika ubao wa inchi 3, ncha yake iko mbali sana na mahali iliposhikwa.

MAMBO MATATU YANAYOISHINDA

Kwanza ni kupinda. Tuseme bledi imeinama upande kwa digrii 2 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Katika ubao wa milimita 25, mkato wa chini utakuwa umekwenda upande chini ya milimita 1, na randa itaumaliza upungufu huo. Katika ubao wa milimita 50 utakwenda karibu milimita 2. Katika ubao wa milimita 100 utakwenda milimita 3 na nusu. Kosa ni lile lile. Unene ndio unaolikuza.

Pili ni unga wa mbao. Meno ya bledi nyingi za jigso hutazama juu, nayo hukata wakati wa kupanda. Mwendo wa kupanda na kushuka ni mfupi. Katika mashine nyingi nzuri ni milimita 26 hivi, na katika ndogo ni pungufu ya hapo. Sasa fanya hesabu. Ubao ukiwa wa milimita 20, kila jino hutoka nje katika kila mwendo, likamwaga unga wake. Ubao ukiwa wa milimita 60, toa 26, zitabaki 34. Maana yake, meno yote yaliyo katika urefu wa milimita 34 za bledi hayatoki nje hata mara moja. Hupanda na kushuka ndani ya mti, yamebeba unga ule ule. Unga hujaa, meno huteleza juu yake badala ya kuuma, na bledi hupata moto.

Tatu ni mkono wa mtu. Anapoona mashine imepunguza mwendo, huisukuma. Kusukuma hakuongezi ukataji. Huipinda bledi tu, nayo ikisha kupinda hufuata upande ulio laini. Hapo mtu hutazama mstari wake juu, auone uko sawa, ilhali chini bledi imekwisha kwenda zake.

Watengenezaji waliliona jambo la unga, wakatia katika mashine nyingi mwendo wa pembea. Kando ya bledi mna kishikizo kidogo chenye tarakimu, kwa kawaida 0 mpaka 3. Kikiwa kwenye 0, bledi hupanda na kushuka tu. Kikiwa kwenye 2 au 3, bledi husukumwa mbele ikipanda na kurudi nyuma kidogo ikishuka, na katika kule kurudi unga hupata nafasi ya kuanguka. Mkato huenda upesi zaidi, lakini kingo zake huwa na mikwaruzo. Kwa mbao nene, pembea ina faida kubwa. Kwa mapindo madogo na kazi ya nakshi, rudisha kwenye 0.

NAMNA YA KUPIMA

Kipimo chenyewe hakitaki zaidi ya saa moja. Tayarisha penseli, rula ya milimita, kipimo cha pembe mraba, saa, klampi mbili na bledi mpya.

1. Chukua kipande cha ubao wa mti ule ule utakaoukata, unene ule ule, na ukavu ule ule. Ukipima kwa msonobari laini kisha ukate mfenesi, umejidanganya. Urefu wa futi moja watosha.

2. Chagua bledi ya mbao yenye meno makubwa, kiasi cha meno 6 kwa inchi. Meno madogo ni ya mbao nyembamba na ya chuma. Urefu wake uhesabu hivi: unene wa ubao, ongeza mwendo wa bledi, ongeza kidogo. Kwa ubao wa milimita 60 na mwendo wa 26, bledi itokezayo chini ya kitako cha mashine ikiwa imeshuka kabisa isipungue milimita 90. Ncha lazima ibaki imechungulia chini ya ubao hata bledi ikiwa juu kabisa. Ikiingia ndani ya mti, itagonga wakati wa kushuka, ipinde au ivunjike.

3. Kabla ya kutia plagi, weka kipimo cha pembe mraba kati ya kitako cha mashine na bledi. Kitako cha jigso huweza kulazwa upande, na mara nyingi huwa kimelala kidogo bila mwenyewe kujua. Kinyooshe, kaza skrubu, kisha tazama tena.

4. Piga mstari wa penseli kuuzunguka ubao: juu, ubavuni na chini. Mstari wa chini ndio shahidi wako.

5. Funga ubao kwa klampi, sehemu ya kukatwa iwe nje ya meza. Weka pembea kwenye 0, washa, ngoja bledi ishike kasi, kisha kata urefu wa milimita 200. Iongoze tu, usiisukume. Tazama saa umetumia muda gani.

6. Piga mstari wa pili, tia pembea kwenye 2, ukate tena urefu ule ule kwa mkono ule ule. Andika muda wake.

7. Ugeuze ubao. Pima kwa rula mkato umeuacha mstari wa chini kwa milimita ngapi: mwanzoni, katikati na mwishoni. Tazama pia rangi ya mkato. Ukiwa mweusi na unanuka moshi, ama bledi ni butu, ama kasi imezidi, ama unga haukutoka.

8. Kata mara kumi zaidi, kisha upime tena. Hapo utajua bledi yako hudumu kiasi gani katika mti huo, na utanunua bledi kwa hesabu badala ya kubahatisha.

KUYASOMA MATOKEO

Ikiwa mkato wa chini umetoka kwa chini ya milimita 1, jigso yako yaufaa unene huo. Ikiwa umetoka kati ya milimita 1 na 3, bado yaweza kutumika, lakini usikate juu ya mstari wenyewe. Kata nje yake, uache milimita 3 au 4, kisha umalize kwa randa au patasi. Ikiwa umetoka zaidi ya hapo, usiulazimishe ubao huo. Ama tia bledi nene na ngumu zaidi upime upya, ama upeleke mti kwa fundi mwenye msumeno wa utepe. Bledi ya msumeno wa utepe huongozwa juu na chini ya mti, ndiyo maana haipotei njia. Na msumeno wa mkono wa kupasulia, ukinolewa vizuri, haujastaafu bado.

Miti nayo haifanani. Mkarafuu uliokufa una mti mgumu na mzito. Enda polepole, na upumzishe mashine. (Mkarafuu ulio hai haukatwi ovyo, sheria ya kuulinda ipo.) Msaji hula meno ya bledi upesi hata ukionekana laini mkononi. Mnazi una tabia yake ya peke yake: ugumu wake uko nje karibu na gome, na katikati ni laini. Bledi ikipita mpakani mwa sehemu hizo mbili huvutwa kwenye ulaini. Kwa hivyo ubao wa mnazi upimwe pande zote mbili, usitosheke na kipimo kimoja.

Kama kazi ni ya mapindo, kumbuka kuwa bledi pana haigeuki mahali padogo. Katika ubao mnene usikate pindo kali kwa mara moja. Kwanza kata mistari mifupi kutoka ukingoni mpaka karibu na pindo, kisha fuata pindo lenyewe. Vipande vitaanguka kimoja kimoja, na bledi itapata nafasi ya kupumua. Na kwa kuwa meno hutazama juu, vibanzi hutoka upande wa juu. Uso mzuri wa ubao uulaze chini.

Tusisahau pia kazi ambayo jigso haina mpinzani: mbao za inchi moja na pungufu yake. Nakshi za ukingo wa paa la baraza, duara la uso wa meza, tundu la kuingiza sinki la jikoni, hayo yote hufanywa kwa jigso upesi na vizuri.

TAHADHARI

Bledi hutokeza chini ya ubao mahali ambapo macho hayafiki. Usiweke mkono wako chini, wala usimwache mtoto ashikilie ubao kwa chini ili "kukusaidia". Klampi ndiye msaidizi wako. Chomoa plagi kila unapobadilisha bledi, na usiiguse bledi iliyotoka kukata mti mnene, kwani huunguza. Ngoja isimame kabisa kabla ya kuinua mashine. Kanzu, mikono mirefu na ncha za kanga zikae mbali na mashine. Vaa miwani ya kukinga macho, na ufunge pua na mdomo, maana unga wa miti migumu hudhuru kifua. Mbao za nyumba ya zamani zikaguliwe misumari kwanza.

Na ikiwa umeme wako wavutwa kwa waya mrefu kutoka nyumbani mpaka bandani, waya huo uwe mnene, na ukunjuliwe wote. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu za umeme. Mashine hudhoofika na kupata moto, nawe utadhani jigso ni mbovu.

Mwisho, andika matokeo yako juu ya kile kipande ulichopimia: aina ya mti, unene, bledi, pembea, muda na milimita za kosa. Kitundike ukutani bandani. Siku mwanao au jirani atakapokuja kuazima jigso akate ubao wa inchi 3, mwonyeshe kipande hicho kwanza, ndipo umpe mashine.