Mtoto wa Mpala aliyejifunza muziki kando ya ziwa letu



Katika mazungumzo yetu na familia zilizokimbia vita, hapa Uvira na vijiji vya kando ya ziwa, wazazi hutuuliza: mtoto aliyekosa shule, anayeshinda kwenye kwaya, anapata faida gani? Tunajibu kwa habari za mtu wa ziwa hili hili, Joseph Kiwele.

Alilelewa vipi?

Kiwele alizaliwa mwaka 1912 huko Mpala, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Mapadri Weupe walikuwa na misioni pale tangu mwaka 1885. Kijijini kulikuwa na nyimbo za wazee. Misioni na seminari zikamfundisha kuimba Kilatini, kusoma noti na kupiga kinanda. Alikua na muziki wa aina mbili, wala hakutupa mmoja ili ashike mwingine.

Hakuendelea hadi upadri. Alikwenda Elisabethville, leo Lubumbashi, akawa mpiga kinanda na mwalimu wa muziki kwenye misioni ya Wabenedikto. Huko alitunga misa iitwayo Missa Katanga. Maneno yake ni ya Kilatini, kama Kanisa lilivyotaka wakati ule, lakini sauti alizichota katika nyimbo za kwetu, hasa za Waluba. Aliifanya kazi hiyo kabla Mtaguso wa Vatikani (1962–1965) haujafungua mlango kwa muziki wa Kiafrika katika ibada.

Wimbo una pande mbili

Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga na Kongo. Kiwele akawa waziri wa elimu wa serikali hiyo, na ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa, La Katangaise. Mwaka 1961, katika mji huo huo, makumi ya maelfu ya Waluba waliogopa kuuawa wakakimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Watu ambao sauti za nyimbo zao ziliimbwa kanisani wakawa wakimbizi mjini mwao. Kiwele alifariki mwaka ule ule. Kujitenga kuliisha Januari 1963.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Tunataka tuone kwamba kipaji kile kile kinaweza kutunga sala inayokutanisha watu, na pia wimbo wa upande mmoja. Nyinyi mliokimbia mnajua jinsi vijana wanavyochochewa kwa nyimbo kabla ya kushika silaha.

Tufanye nini?

Wazazi, msimzuie mtoto anayependa kuimba. Kwaya inamzoeza kusikiliza, kungoja zamu yake na kushika saa. Lakini mfundisheni pia nyimbo za nyumbani, kwa kuwa ndizo mali aliyotoka nayo.

Viongozi wa kambi na wa mitaa, watoto wapewe mahali na saa ya mazoezi, bila kuuliza wametoka kabila gani.

Walimu wa kwaya, pimeni maneno kabla ya kuyafundisha. Wimbo unaotukana jirani uachwe, hata kama sauti yake ni tamu. Kila juma chagueni wimbo mmoja wa Kivira, wa Kifuliru, wa Kibembe au wa Kinyamulenge, na watoto wote wauimbe. Mwenye lugha ndiye awafundishe wenzake.