Tumbo la miezi mingi si taifodi kila mara

Mkazi wa Moding au Malaba anaumwa tumbo, anaenda duka la dawa, anaambiwa ni taifodi. Anameza vidonge, anapata nafuu siku chache, kisha maumivu yanarudi. Wapo wanaorudia hivyo mara kadhaa kwa mwaka, na pesa inaisha.

Huenda tatizo ni ugonjwa ambao wahudumu wa afya huuita IBS. Tumbo husokota na kujaa gesi, mtu huharisha au hufunga choo, na maumivu hubadilika akienda haja. Vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe, lakini mgonjwa hasingizii.

Sehemu ya chanzo hurithiwa. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 50,000 na kutaja sehemu 6 za jeni zinazohusiana na IBS. Baadhi ya jeni hizo zinahusiana pia na wasiwasi na huzuni. Hata hivyo mchango wa kurithi ni mdogo. Mtoto wa mgonjwa halazimiki kuugua.

Mengi hutoka nje ya mwili. Mjini Walkerton, Kanada, mwaka 2000, mvua ilisomba samadi hadi kwenye kisima cha mji. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, na miaka kadhaa baadaye wengi bado walikuwa na IBS. Visima vyetu vilivyo karibu na mazizi na vyoo viko katika hatari hiyo hiyo.

Antibiotiki nazo huua bakteria wazuri wa utumbo, na zimehusishwa na IBS. Hivyo kumeza dawa ya taifodi bila taifodi kunaweza kuongeza shida ile ile.

Je, aflatoksini? Swali hili limeulizwa sana tangu Kenya izuie mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021. Sumu hiyo hudhuru ini hasa, na haijathibitishwa kuleta IBS. Mahindi yenye kuvu yasiliwe hata hivyo, wala yasitengenezewe busaa, kwani kupika hakuiondoi sumu.

Anayeona damu kwenye choo, anayekonda bila sababu au mwenye homa asingoje. Aende Hospitali ya Kocholya au kituo cha karibu. Wengine waandike kwa wiki mbili wanachokula na siku tumbo linapouma, hasa maziwa, maharagwe, kabichi na vitunguu, wampelekee daktari karatasi hiyo.