Sauti Mbili, Jina Hakuna

Mmepata kusimama penye ngoma ya kioda huku pwani ya Ziwa Nyasa? Mama mmoja huanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, hata mguu wako wenyewe ukatikisika. Sasa uliza: wimbo huu ametunga nani? Utajibiwa, "Ah, ni wa zamani tu." Jina hakuna.

Hasara hiyo si yetu peke yetu. Imewapata hata akina dada ambao sauti zao zilitiwa katika santuri.

Tarehe 22 Oktoba 1948, katika mji wa Jos nchini Naijeria, walizaliwa mapacha wa kike. Wengi wetu tungewaita Kulwa na Doto. Wayoruba huwaita Taiwo na Kehinde. Tena husema kwamba Kehinde, anayezaliwa nyuma, ndiye mkubwa, maana humtuma mwenziwe atangulie kuuonja ulimwengu.

Ukoo wao ni Lijadu. Waliimba kama mtu mmoja mwenye vinywa viwili, na nyimbo walitunga wenyewe. Toka mwaka 1976 mpaka 1979 walitoa santuri kubwa nne: Danger, Mother Africa, Sunshine na Horizon Unlimited. Humo walichanganya ngoma za Kiyoruba, muziki wa soul wa Wamarekani weusi, na rege ya Jamaica. Lakini siku zile bendi zilikuwa mikononi mwa wanaume. Jina lililovuma duniani likawa la binamu yao, Fela Kuti.

Mwaka 1988 walizunguka Marekani pamoja na King Sunny Adé. Baadaye wakakaa New York. Mwaka 1996 Kehinde alianguka ngazini akaumia uti wa mgongo, na kazi ikasimama. Mwaka 2006 mwimbaji mashuhuri wa huko alitumia wimbo wao mmoja bila kuwataja. Kehinde alifariki tarehe 9 Novemba 2019. Siku hizi santuri zao zimetolewa upya, na vijana huuliza, "Hawa walikuwa wapi?" Walikuwapo! Ni sisi tusiouliza.

Huko Jamaica nako, wasichana wawili, Althea Forrest na Donna Reid, walitoa wimbo wa rege uitwao Uptown Top Ranking. Mwezi wa Februari 1978 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza, nao hata miaka ishirini hawajatimiza. Wimbo ungali ukipigwa. Lakini waulize wanaoucheza majina ya waimbaji, wengi watakuna kichwa.

Basi, jambo hili latuhusu. Leo mgeni hahitaji mashine kubwa. Huja na simu mfukoni, akanasa sauti za binti zetu, akaenda zake. Tusiwakataze kuimba. Ila kabla ya kuimba, yaandikwe majina ya mtunzi na waimbaji, tarehe na kijiji. Kama fedha imetajwa, mapatano yatiwe sahihi, nakala moja ibaki nyumbani. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, inayomlinda mtunzi na mwimbaji pia, na ofisi inayoshughulika nayo ni COSOTA.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na sauti ya binti yako ni mali. Daftari la shule na kalamu vyatosha kuanza.