Ukifika Helsinki, anza na mawe

Wacha nikuambie kitu ambacho watu hawaweki Instagram. Wiki mbili za kwanza Helsinki sikupiga stori na mtu yeyote ila binamu yangu, na yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mimi nikiamka, yeye analala. Kwenye tramu, ukikaa kando ya mtu, anaangalia dirishani kana kwamba huko nje kuna fainali ya Kombe la Dunia. Nami nimezoea matatu za Rongai, ambapo kabla mfike Bomas ushajua mama wa kando analipia nani karo. Nikaanza kudhani shida ni mimi.

Shida ilikuwa mbinu, na ukienda huko usirudie kosa langu. Nilikuwa naanza na maneno. "Leo baridi ni kali, eh?" Mfini anajibu "Ndiyo", halafu kimya. Si dharau. Wengi wao hawaoni haja ya kuongea ili tu kujaza nafasi. Ukitaka kuwajua, fanya kitu pamoja nao, maneno yatafuata yenyewe.

Kitu changu kilikuwa mawe. Jumamosi moja nilienda Kaivopuisto, bustani ya umma iliyo ufuoni kusini mwa jiji. Pale miamba imetokeza juu ya nyasi, laini kama mgongo wa kiboko. Nikakaa juu ya mmoja na kuona michirizi iliyonyooka, kama mtu amepitisha reki kwenye simiti mbichi. Mzee mmoja mwenye mbwa akasimama. Hakunisalimu. Alionyesha michirizi kwa kidole, akasema neno moja la Kiingereza: barafu.

Baada ya hapo aliongea karibu saa nzima! Akanieleza kwamba enzi za barafu eneo hili lote lilifunikwa na ukoko ambao penye unene zaidi ulifika kama kilomita tatu. Barafu hiyo haikutulia. Ilitambaa kutoka kaskazini-magharibi ikiburuta mawe na changarawe chini yake, na hayo ndiyo yaliyokwaruza mwamba. Ndiyo maana upande barafu ilikotokea mwamba ni laini, na upande wa pili umemeguka-meguka. Ukishajua hilo huhitaji dira, mwamba wenyewe unakuonyesha njia. Barafu iliondoka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, lakini ardhi iliyolaliwa na uzito ule bado inainuka. Pwani ya Vaasa inapanda karibu milimita 8 kila mwaka.

Nilitaka kumwita "mzee" kwa heshima. Binamu alinicheka, akasema huku hata bosi huitwa jina lake la kwanza.

Wiki iliyofuata alinipeleka Pihlajamäki, mtaa wa maghorofa kaskazini-mashariki mwa jiji. Katikati ya miti kuna mashimo ya mviringo yaliyochimbika ndani ya mwamba mgumu, mengine ungetumbukia usionekane. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalizungusha mawe pahali pamoja kwa nguvu hadi yakatoboa. Wafini huyaita hiidenkirnu, yaani chombo cha jitu cha kusukia maziwa. Nikamwambia nyanya yangu husuka maziwa kwenye kibuyu, anakitikisa mapajani hadi siagi itoke. Alicheka kwa mara ya kwanza. Akauliza kibuyu ni nini, na hapo tukaenda mbali.

Kisha akanialika sauna. Usikatae! Ufini ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kuwa milioni 3. Tulienda Kotiharju, sauna ya umma inayotumia kuni tangu 1928. Iko mtaa wa Kallio, jina ambalo maana yake ni mwamba (mawe hayakuniacha). Unaingia uchi, wanaume kwao na wanawake kwao. Dakika tano za kwanza ni aibu tupu, kisha joto linakusahaulisha kila kitu.

Humo gizani ndipo aliniuliza nasomea nini.

Swali hilo nimelikwepa miaka miwili. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwisha na mimi pia nikaisha. Mama yangu bado anadhani niko likizo ndefu. Lakini ukiwa uchi kando ya mtu asiyejua ukoo wako, uongo unakosa pa kujificha. Nikasema, niliacha. Akanyamaza. Akamwagia mawe maji, mvuke ukatupiga usoni. "Sawa," akasema. Basi. Hakuna mahubiri, hakuna "lakini utarudi, sivyo?"

Tulipotoka kupoa barabarani na taulo zetu, kama wafanyavyo wote pale, akauliza kuhusu Mlima Kenya. Anajua Bonde la Teleki limechongwa na barafu, na kwamba barafu ya Lewis inazidi kuisha. Je, mimi niliionaje? Msomaji, mimi ni wa Karatina. Mlima huo nauona nikipiga mswaki. Sijawahi kuupanda.

Ameniomba nimtumie picha ya michirizi ya kule kwetu. Nimeshauliza bei ya mwongozo wa njia ya Naro Moru, na nitapitia nyumbani kwanza. Usiku ule wa sauna nilimpigia mama, akauliza shule inafunguliwa lini. Nikamwambia, "Mum, kaa chini kidogo."